Meza ya Bibi Karani: Wazee wako wanataka nini?

Mwezi huu bahasha zimekuja kabila juu ya kabila. Wengi wenu mnaandika riwaya za makabila ya kubuni, yenye watemi, mabaraza na wazee wenye mvi, na karibu kila barua inauliza jambo moja kwa njia yake: mzee nimweke wapi? Nimezichambua, nikabakiza hizi. Kwa mgeni wa safu: mimi nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mkoani Tanga hadi nilipostaafu, na hadithi zangu za mwanzo niliziandika nyuma ya fomu zilizoharibika. Mkiona nawajibu kwa mambo ya kesi, mnivumilie, ndiko nilikokulia.

*

"Shikamoo Bibi Karani. Naandika riwaya ya kabila nililolibuni mwenyewe, Wasivuma, wanaokaa mlimani kwenye ukungu. Wana mtemi mmoja na wazee saba. Kijana mmoja anataka kubadilisha mila ya kugawa mashamba, wazee wanamkatalia, anakaidi, yanamkuta, mwisho anarudi kuomba radhi. Rafiki yangu kasoma sura sita akaniambia wazee wangu wote wanaongea kama mtu mmoja, na kwamba akiona wanaingia anaruka ukurasa. Nitawachangamshaje bila kuwavunjia heshima?" – Mwandishi chipukizi, Tukuyu

Marahaba, mjukuu wangu. Huyo rafiki mshike vizuri, wasomaji wa namna yake ni adimu.

Nimesoma kurasa ulizoambatanisha. Wazee wako saba hawana shida yoyote duniani. Hawana deni, hawana binti wa kuozesha, hawana mkwe mlevi, hawana hata goti linalouma. Wanaingia, wanakaa kwenye vigoda, mmoja anasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wa pili anasema penye wazee haliharibiki neno, wa tatu anakohoa. Unadhani umewaheshimu. Umewafanya kanga: kila mmoja ana methali yake imechapwa chini, na ukimgeuza nyuma hakuna kingine.

Enzi zangu hakimu wa mahakama ya mwanzo hakuamua peke yake. Pembeni yake walikaa wazee wa baraza, kwa kawaida wawili. Watu wengi waliokuja na kesi zao walidhani wale wazee ni mapambo. Sheria iliwapa kura. Hakimu na wazee wakitofautiana, wengi wape. Hakimu alikuwa na kura ya uamuzi pale tu zinapolingana. Kwa hiyo wazee wawili wa darasa la nne na madrasa waliweza kumshinda hakimu aliyesomea sheria, nami nikaandika hivyo kwenye jalada, na hakimu akasaini huku amenuna.

Ilikuwepo kesi ya ndugu wawili, baba mmoja mama mbalimbali, waliogombea kipande cha shamba kule milimani. Hii ni kabla mashauri ya ardhi hayajahamishiwa kwenye mabaraza ya ardhi. Mdai alikuja na karatasi yenye mhuri wa kijiji. Hakimu akaisoma, akaridhika, akaanza kufunika kalamu. Mzee wa baraza wa kike, mama mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi, akaomba kuuliza.

"Masale ya mpakani aliyapanda nani?"

Mdai akasema marehemu baba.

"Mstari mmoja au miwili?"

Kimya.

"Na aliyeyang'oa aliyang'oa kabla ya vuli au baada?"

Yule bwana akaanza kujipangusa shingo. Asiye wa milimani hajui, lakini masale hayaoti yenyewe kwenye mstari, na hayafi kirahisi. Mtu akiyang'oa shimo hubaki na majirani hulikumbuka. Mzee mwenzake wa kiume muda wote huo alikuwa anatazama dirishani. Hakuuliza hata moja. Wakati wa chai ndipo nikajua kwamba binti yake alikuwa ameposwa kwenye ukoo wa mdai. Hakudanganya, hakupokea kitu cha mtu. Alinyamaza tu.

Haya, hao ni wazee wawili wa benchi moja, wote tuliwaamkia kwa adabu, na hawafanani hata kidogo. Sasa niambie, kati ya wale saba wako, nani ana posa upande wa mtemi? Nani aliwahi kunyimwa shamba ujanani kwa mila hiyo hiyo anayoitetea leo? Huyo wa mwisho ningemtazama sana.

Halafu jiulize wameshika nini mkononi. Mzee haheshimiwi kwa mvi peke yake. Anaheshimiwa kwa sababu ana ardhi ya kukugawia, ng'ombe wa kukuolea, ulimi wa kukulaani, au kumbukumbu ya mpaka. Wewe umeandika kutoka Tukuyu na mfano uko chini ya miguu yako. Wanyakyusa wa zamani walijenga vijiji kwa rika: wavulana walitoka kwa baba zao wakajenga pao, wakakua pamoja, wakaoa hapo hapo. Kizazi kikitimia ilifanyika sherehe ya ubusoka, na wazee wakawakabidhi vijana uongozi na kusogea pembeni kuwapisha ardhi. Malafyale mzee, yaani mtemi wao, hakutarajiwa kuishi sana baada ya siku hiyo. Hebu kaa na hilo kidogo. Mtu anayeandaa sherehe ya mwanawe akijua ngoma zikinyamaza zamu yake imefika! Ukinipa sura moja ya malafyale huyo usiku wa kuamkia ubusoka, anahesabu ng'ombe wake wa kuchinjwa, nitakusamehea methali zote.

Na kulikuwa na kitu cha kumbana mkubwa. Waliamini kwamba manung'uniko ya majirani waliokasirika, ile "pumzi ya watu", humwingia mkosaji mwilini akatetemeka na kuugua, na malafyale mwenyewe hakuwa salama nayo. Mtemi wako wa Wasivuma anaogopa nini? Sijaona.

Mwalimu Nyerere alipenda kuielezea demokrasia ya jadi kwa picha ya wazee waliokaa chini ya mti wakazungumza mpaka wakakubaliana. Picha nzuri, nami siipingi. Ila wewe ni mwandishi wa riwaya. Kazi yako ni kuangalia nani jua linampiga. Wanawake wako wapi wakati huo? Wale wasio na ng'ombe? Yule kijana anayeleta maji anasikia nini? Na hayo "makubaliano" yalifikiwa saa ngapi, kabla pombe haijaisha au baada?

Kuhusu mwisho wako, kijana kurudi akipiga magoti: sikatai, ila umewahi mno na umekuja bure. Wachagga wana desturi ya kumpelekea uliyemkosea jani la isale kuomba radhi, naye akiletewa inampasa asamehe. Ni masale yale yale ya mpakani. Fikiria Wasivuma wana kitu kama hicho, na kwamba anayekwenda nalo mlangoni ni mzee mkubwa wa baraza, alfajiri, kwa kijana. Bado mzee ni mzee. Hakuna aliyemvunjia heshima. Lakini sasa nataka kujua kijana atalipokea au atalitazama tu.

*

"Shikamoo bibi. Kabila langu la kubuni lisalimianeje? Nikiandika shikamoo naona kama nimewahamishia watu wa Dodoma mjini huko porini." – Msomaji, Dodoma

Marahaba. Acha maneno, tumia mwili. Mtoto wa Kimasai hufika mbele ya mkubwa akainamisha kichwa, mkubwa akamgusa utosini. Mzee akikubariki anaweza kukutemea mate, na ni baraka hiyo, usiende kuoga. Waha wa Kigoma husalimiana kwa makofi ya taratibu, na mwenye haraka zake asiwaanze. Mwanamke wa Kiganda hupiga magoti.

Wewe buni ishara moja. Irudie mpaka msomaji aizoee na kuisahau. Kisha siku moja mtoto afike mbele ya mzee na kichwa kibaki juu. Hutakuwa na haja ya kuandika kwamba alikuwa na hasira. Pia amua mapema kama mzee anaweza kukataa kuitikia. Sisi wa Pwani tuliolelewa na bibi zetu tunajua kuamkia mara mbili bila kujibiwa kunavyouma kuliko fimbo.

*

"Bibi Karani, mtemi wangu amekuwa dhalimu na wazee wanataka kumtoa. Sitaki sumu, sitaki mkuki gizani, maana kila riwaya ina hivyo. Kuna njia nyingine?" – Msomaji, Isiolo

Ipo, na wewe wa Isiolo majirani zako Waborana wangekucheka kwa kuniuliza mimi. Mfumo wa gada wa Waoromo, ambao Waborana wa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya ni sehemu yao, unampa kiongozi miaka 8. Ikitimia anakabidhi kwa rika linalofuata. Hagombei tena, hampachiki mwanawe. Kila miaka 8 hukutana mkutano mkubwa, Gumi Gayo, unaopitia sheria na kupima mwenendo wa viongozi, na aliyevurunda anaweza kuondolewa kabla muda wake haujaisha. Mwaka 2016 UNESCO iliuweka gada kwenye orodha ya urithi wa binadamu, lakini kwako muhimu ni ile kalenda. Kiongozi anayejua siku yake ya kutoka ni mhusika tofauti kabisa na anayedhani atakufa kitini. Mwaka wa saba anafanya nini? Anapatana na maadui? Anajenga jina? Wale wanaosubiri zamu wanamkabilije, kwa upole au wameshaanza kukaa vibaya kwenye vigoda?

Njia ya pili ni kuuliza kama kweli huyo ni mtemi. Waandishi wetu wengi tunamweka mtu mmoja juu na wote chini yake kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa shuleni kwamba "kabila" linakuwa. Wamasai hawakuwa hivyo. Kila rika lina msemaji wake, olaiguenani, anayechaguliwa na kupewa rungu. Oloiboni ni mtu wa ibada na utabiri, si mtawala. Waingereza walipofika Kenya walihitaji mtu mmoja wa kusaini, wakamfanya Olonana, ambaye alikuwa oloiboni, kuwa chifu mkuu. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamasai kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa, na ule wa 1911 ukawaondoa tena, safari hii Laikipia. Hiyo ni hadithi ya kutisha kuliko dhalimu wako. Adui hana haja ya jeshi, anahitaji kidole gumba kimoja na watu wa kukiita kidole cha kabila zima. Wazee waliobaki nyuma wanajua hakikuwa na mamlaka hayo. Watamwambia nani?

Na kama unataka kitu kisicho na damu kabisa, soma yaliyotokea kwetu mwaka 1963. Serikali ya Tanganyika iliufuta uchifu kwa sheria ya Bunge. Mtu kalala ni mtemi, kaamka ni mkulima mwenye kigoda. Watoto wake wanakula nini jioni ile, nani amekuja kumsalimia na nani hakuja? Sijaona riwaya iliyolikalia jambo hilo inavyostahili.

*

"Bi. Karani, hujambo? Nadhani umri wetu haupishani sana, tusishikamooane. Riwaya zote za kikabila ninazosoma, wanawake wanachota maji. Naandika ya kwangu. Nikiwaweka wanawake kwenye baraza la wazee, je, nitaonekana naleta mambo ya semina?" – Msomaji, Kilifi

Sijambo, dada yangu. Utaonekana hivyo kama utawapa viti tu na kuwaacha hapo waitikie. Kiti si kazi kubwa. Unaandika kutoka nchi ya Mekatilili wa Menza, kwa hiyo nitajibu kwa huyo huyo.

Mwaka 1913 Waingereza walikuwa wanawataka Wagiriama kodi na vijana wa kufanya kazi za kizungu, na walikuwa wameteua wakuu wa vijiji wa kuwasaidia. Mekatilili alikuwa mwanamke, mjane, wala hakukaa kwenye baraza la wazee wa kaya, yale makazi matakatifu ya msituni. Alichokuwa nacho ni kifudu, ngoma ya matangani. Akaicheza kijiji hadi kijiji, watu wakakusanyika, na watu wakishakusanyika msibani hakuna askari wa kuwauliza wanajadili nini. Kutoka hapo wakaenda Kaya Fungo na kula viapo, wanawake mukushekushe, wanaume fisi, kwamba hakuna atakayeitumikia serikali. Ona alivyopita. Kiapo ni mali ya wazee wa kaya, huli kiapo bila wao. Umati ni wake. Bila yeye wana kiapo kisicho na watu, na bila wao ana watu wasio na kiapo. Hapo pana riwaya nzima, mabishano ya usiku kucha kati ya mjane mmoja na wazee ambao hawajazoea kuhitaji mtu wa nje.

Inasimuliwa pia kwamba alimwendea ofisa wa Kiingereza, Champion, akiwa na kuku na vifaranga, akamwambia achukue kifaranga kimoja. Champion akajaribu, kuku akamdonoa, na mama akamwambia hivyo ndivyo itakavyokuwa ukigusa watoto wetu. Yaliyofuata yanajulikana: alikamatwa pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali, magharibi ya Kenya, wakatoroka na kurudi kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti.

Kwa hiyo usianze na baraza. Anza na kitu ambacho wanawake wa kabila lako wanakisimamia na wanaume hawawezi kukizuia: matanga, uzazi, mbegu, pombe ya tambiko. Ukishakijua, mlango wa barazani utafunguka wenyewe, au utapigwa teke. Na maji wachote pia, hakuna ubaya. Kisimani ndiko habari zinakogawanywa.

*

"Shikamoo Bibi. Mhusika wangu ni msichana anayewaasi wazee wa kabila. Kwenye kikundi chetu cha uandishi wanasema ili msomaji awe upande wake, lazima wazee wawe waovu. Mimi nasita." – Mwanafunzi, Nairobi

Marahaba. Endelea kusita, unasita vizuri.

Aprili 1956, Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, lilikutana na kwa kauli moja likapiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Maofisa wa kikoloni walikuwa nyuma yake, wakilitaka sana. Utadhani wasichana walishangilia. Waliingia vichakani wakakatana wenyewe kwa nyembe za dukani, bila sherehe, bila wale bibi waliokuwa wakiwasimamia tangu zamani. Wakaitwa Ngaitana, wale wa "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu iliyofuata, watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kukiuka amri ile: wasichana, wazazi wao, waume kwa wake.

Sasa pima. Wazee walikataza jambo ambalo leo sheria ya Kenya inalikataza, na lenye madhara yanayojulikana. Wasichana waliasi, na walichokitetea kiliwaumiza wenyewe. Lakini amri ilitoka kwenye baraza la wanaume, ikisukumwa na serikali ya kigeni, katika miaka ya hali ya hatari. Na jambo lenyewe lilikuwa la wanawake, likisimamiwa na wanawake wazee waliokuwa na baraza lao, ambalo hakuna aliyeliuliza. Bibi aliyepoteza kazi yake siku ile, mjukuu wake akirudi kutoka kichakani anavuja damu, anasema nini? Anamlaumu nani? Mimi sijui nimkasirikie nani katika ule umati, na nikisoma kesi zile nasoma mpaka mwisho kwa sababu hiyo.

Waambie wenzako kikundini wazee wako wanaweza kuwa na haki katika jambo na wakakosea katika njia. Msomaji atakuwa upande wa msichana kwa sababu umemweka karibu naye, si kwa sababu umewaotesha wazee pembe.

*

"Bibi, samahani kwa ukali. Mnakaa mnaandika heshima kwa wazee, heshima kwa wazee. Huku kwetu bibi mwenye macho mekundu anakatwa mapanga usiku. Hizo ni hadithi za nani?" – Msomaji, Shinyanga

Usiombe samahani. Umenikumbusha jambo ambalo barua nyingine zote zimelikwepa.

Macho mekundu ni moshi. Mwanamke aliyepikia kuni na samadi miaka hamsini kwenye jiko lisilo na dirisha atakuwa na macho gani? Lakini anaitwa mchawi, na mara nyingi ukichimba unakuta shamba ambalo mtu amelingoja sana. Kilifi nako imeripotiwa mara kwa mara kwamba wazee hupaka nywele rangi nyeusi wasiuawe. Mzee anaficha mvi! Katika nchi inayofundisha watoto kuziheshimu.

Haya si mambo mawili yanayopingana. Ukiamini kwamba ulimi wa mzee unaweza kukulaani, utampisha njia. Siku mtoto wako akiugua, imani hiyo hiyo itakuonyesha mlango wa kuubisha usiku. Mwandishi anayetaka kabila lake liwe na watu halisi ayaweke yote mawili kwenye kijiji kimoja, na ikiwezekana kwenye mtu mmoja: kijana anayepiga magoti asubuhi mbele ya bibi wa jirani, na jioni yupo kwenye kikao cha kumjadili. Iandike wewe, kwa ukali huo huo. Nitumie. Kama una jina la tukio la kweli, libadilishe pamoja na kijiji, maana wenye tukio bado wapo na kesi zao bado ziko mahakamani.

*

"Nimependa matambiko ya kabila lisilo langu. Nikiyachukua na kuyapa kabila langu la kubuni jina jipya, kuna tatizo?" – Msomaji, Arusha

Yanayofanyika mbele za watu, chukua, changanya, yapindue. Yanayofanyika mahali ambapo wewe ungezuiwa kuingia, yaache. Vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za kuchonga wanazowasimikia wazee waliokufa, viliibwa makaburini vikauzwa, vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani, na baadhi vimerudishwa Kenya baada ya kudaiwa kwa miaka. Sidhani unataka riwaya yako iwe kwenye foleni hiyo. Tena buni, ndiyo kazi uliyoiomba.

Wanaotuma kurasa: sura ya kwanza inatosha, iandikwe upande mmoja wa karatasi, na tafadhali msinibandikie picha zenu.